Vihisi vya Kuvaliwa: Namba za Mwendo na Maana Yake

Kihisi cha kuvaliwa ni chombo kidogo kinachofungwa mkononi, kiunoni, pajani au kwenye kiatu ili kipime namna mwili unavyosogea, na tofauti yake na saa ya kawaida ya michezo ni kwamba saa hueleza muda uliotumika ilhali kihisi hujaribu kueleza kilichofanyika ndani ya muda huo. Vénuste Niyongabo alipoipatia Burundi nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, dhahabu ya mita 5,000 mjini Atlanta mwaka 1996, saa iliandika dakika 13 na sekunde 7.96; leo mkimbiaji wa kawaida mwenye saa janja yenye vihisi hukusanya maelfu ya namba katika muda kama huo. Wingi huo ni neema, lakini namba hizo haziwi maarifa mpaka zisomwe na mtu anayeufahamu mwili uliozitoa pamoja na mazingira yake.

Kiini cha chombo hiki ni kipima mchapuko, yaani kifaa kinachopima jinsi kasi inavyobadilika. Ndani ya kipande cha silikoni kinachokaribiana kwa ukubwa na punje ya mchele, uzito mdogo sana hushikiliwa na springi nyembamba, na mwili unaposukumwa kwenda mbele uzito huo hubaki nyuma kidogo, kama abiria anavyoegemezwa kwenye kiti basi linapoondoka kwa ghafla. Nafasi iliyopo kati ya uzito na bamba za pembeni hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa ishara ya umeme. Upimaji hufanyika katika pande tatu, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na katika vyombo vingi hurudiwa mara 50 hadi 100 kwa kila sekunde. Kwa kuwa dunia haiachi kuvuta, hata kihisi kilichotulia mezani husoma takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba, na usomaji huo ndio unaokijulisha upande wa chini uko wapi. Sambamba nacho huwekwa jairoskopu, ambayo hupima mzunguko wa kiungo kama vile goti linapokunjwa au mkono unapobembea, na katika saa nyingi huongezwa barometa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa.

Faida ya barometa huonekana wazi mjini Bujumbura. Mkimbiaji anayeanzia Asiatique, mtaa ulio upande wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, akaelekea mashariki kwenye milima, hupanda bila kukoma, na kwa kila mita 9 hivi anazopanda mgandamizo wa hewa hupungua kwa hektopaskali 1. Kilomita tano za namna hiyo hazilingani hata kidogo na kilomita tano za kando ya ziwa, ingawa umbali na pengine idadi ya hatua vinaweza kufanana. Chombo kisichopima kimo kingeziandika safari hizo mbili kana kwamba ni kazi moja.

Hata hivyo, kipima mchapuko hakioni umbali wala hatua, bali huona mitikisiko tu, na kila kinachozidi hapo ni makisio ya programu. Mtu angeweza kudhani kwamba, kwa kuwa mchapuko huzaa kasi na kasi huzaa umbali, hesabu ya moja kwa moja ingetosha. Lakini kosa dogo la mita 0.01 kwa sekunde mraba, likiachwa likue kwa dakika moja tu, huleta kosa la umbali la mita 18. Kwa sababu hiyo watengenezaji hufuata njia nyingine: programu hufundishwa kutambua ruwaza, yaani mpangilio wa mitikisiko unaojirudia, kutoka kwa watu waliopimwa wakitembea, wakikimbia au wakiketi, kisha hutumia ruwaza hizo kwa watu wengine wote.

Hapo ndipo tatizo linapoingia, kwa maana miili haitumiki namna moja kila mahali. Wakazi wa Bujumbura wana desturi ya kukimbia kwa makundi huku wakiimba na kupiga makofi, na kihisi kilichofungwa mkononi kinaweza kuhesabu kofi kuwa hatua, au kupoteza hesabu kabisa kwa kuwa mikono haibembei tena. Vivyo hivyo, mtu anayesukuma baiskeli yenye shehena hushika usukani kwa mikono iliyotulia, hivyo saa yake yaweza kumhesabu kuwa hakutembea sana, ilhali miguu yake imefanya kazi kubwa. Kihisi kikihamishiwa kiunoni au kwenye kiatu makosa hayo hupungua sana, na kwa hiyo swali la mahali pa kukivaa lina uzito sawa na swali la ubora wake.

Mfano ulio bora zaidi wa namba isiyojieleza yenyewe unatoka Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, David Raichlen na wenzake waliwafunga Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi vipima mchapuko mapajani, wakagundua kwamba jamii hii ya wawindaji na wakusanyaji wa chakula, ambayo hutembea sana na ina afya njema ya moyo, hupumzika karibu saa 10 kwa siku bila kuhesabu usingizi, muda unaokaribiana na ule wa watu wa nchi zenye viwanda. Kihisi peke yake kingeishia hapo na kuacha fumbo. Watafiti walitazama pia kwa macho, wakaona kwamba sehemu ya mapumziko hayo hufanywa kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, wakapima ishara za umeme katika misuli ya miguu na kukuta kwamba mtu aliyechuchumaa huitumia misuli yake zaidi kuliko aliyeketi kitini. Kihisi kilitoa muda, na jicho likatoa maana.

Funzo hilo linapaswa kumfikia kila anayenunua chombo hiki. Lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku lilienezwa na jina la kibiashara la kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala halikutokana na kipimo cha daktari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, huwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, bila kutaja idadi ya hatua. Kocha wa kikundi cha wakimbiaji wa Asiatique mwenye kihisi kimoja tu na daftari anaweza kupata maarifa ya kweli iwapo, kando ya kila namba, ataandika chombo kilivaliwa wapi, njia ilipanda au ilikuwa tambarare, na wakimbiaji walikuwa wakipiga makofi au la. Na daftari kama hilo, likitunzwa mwaka mzima, litaeleza miili ya watu wa Bujumbura kwa ukweli ambao programu iliyofundishwa kwa miili ya mbali haiwezi kuufikia.