Mguu Umevimba, Itazamwe Shingo

Daktari akiletewa mguu uliovimba, kwanza hubonyeza muundi kwa kidole gumba. Uvimbe wa moyo au figo huacha shimo. Ipo ngozi nyingine isiyobonyea: ngumu, yenye mabaka ya kahawia, matundu ya vinyweleo yametanuka kama ganda la chungwa. Mjini Morogoro wengi watasema ni matende, wala si ajabu, maana matende yapo nchini. Daktari mzoefu huinua macho: shingo imejaa? Macho yametokeza?

Kama ndivyo, ngozi hiyo ni miksidima ya muundi, na kiini chake ki shingoni. Katika ugonjwa wa Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, kingamwili huichochea tezi ya thairoidi ifanye kazi kupita kiasi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakula vizuri na bado anakonda. Kumbe seli za ngozi ya muundi, na za nyuma ya jicho, zina vipokezi kama vya tezi hiyo. Zikichochewa humwaga asidi ya hayaluroniki, ute unaoshikilia maji yasihame hata ukiyakandamiza. Katika wagonjwa mia wa Graves, miksidima hii huwapata mmoja hadi watano, karibu wote wakiwa na macho yaliyokwisha kuathirika. Mara nyingi huja baada ya tezi kutibiwa, mgonjwa akijihesabu amepona.

Katika milima ya Morogoro, shingo iliyojaa huweza kuwa na maelezo mengine. Mvua zinazopiga Kinole na Matombo huosha madini joto udongoni, mto Ruvu ukayabeba hadi baharini. Goita ya upungufu wa madini hayo haina ugomvi na kinga ya mwili. Mwaka 1986 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, kisha ikaja chumvi yenye madini hayo. Goita kwa wanafunzi nchini ikashuka kutoka asilimia 25 miaka ya 1980 hadi 7 mwaka 2004. Lakini kwa tezi iliyozoea ukame wa madini joto, kuyapata ghafla huweza kuizidisha kasi: Zimbabwe na Kivu ziliyaona hayo miaka ya 1990. Hata hivyo chumvi isilaumiwe: upungufu humdhuru mtoto angali tumboni.

Turudi kwenye muundi wa miksidima: dawa za minyoo ya matende hazitaugusa. Kipimo cha damu cha homoni za thairoidi hutoa mwelekeo, na penye shaka kipande cha ngozi huchunguzwa kwa darubini. Tiba yenyewe ni krimu kali ya steroidi, ikifunikwa kwa nailoni usiku. Mvutaji sigara huambiwa aache.