Katika Shairi la Mapenzi ya Siri, Nani Anayefichwa?

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ikiwa ndivyo, mbona washairi wetu, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840), hujitaabisha kuyafumba? Yafaa mwalimu wa fasihi ajiulize swali hili kabla ya kuingia darasani na shairi la mapenzi ya siri.

Aghalabu mwanafunzi akikutana na shairi la namna hiyo hufuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kumsaka mpenzi: ni nani, na binti wa nani? Ya pili ni kudai kwamba mpenzi si mtu, bali ni nchi au uhuru. Njia hii ina chanzo chake. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, alitunga gerezani mashairi ya "Sauti ya Dhiki" (1973), na humo "Mamba" si mnyama tu. Lakini fumbo la mamba halimgeuzi kila mwandani kuwa taifa.

Ikumbukwe pia kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe humsitiri mpendwa. Kiambishi "a-" hakibagui mume na mke; "muhibu", "mwandani" na "nyonda" kadhalika. Mtahiniwa anayeandika "msichana huyu" ilhali shairi halikusema hivyo, amemtilia mshairi maneno kinywani.

Kwa maoni yangu, swali bora ni hili: nani anayefichwa siri hiyo? Waama, siri ya wawili huwapo kwa sababu ya wa tatu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anapita uani usiku. Taa ya dirishani inazimwa mara anapokaribia, na mbwa wa nyumba habweki. Hakuna jina lililotajwa, ila tumeambiwa mengi. Mbwa amemzoea, kwa hivyo ziara hii si ya kwanza. Aliyezima taa alikuwa akimngojea, naye ana wa kumwogopa. Je, ni mzazi, mume au majirani? Tukimtafuta huyo katika beti zinazofuata, tutatambua ni mwiko gani wa jamii unaovunjwa, na kama mshairi anaulaani, anauheshimu au anauhofu tu. Hapo ndipo dhamira ilipo.

Enyi walimu, tusimnyime alama mwanafunzi ambaye tafsiri yake haimo katika mwongozo, mradi ameonyesha neno au mshororo unaoithibitisha. Nanyi wanafunzi, msikariri tafsiri za wengine kama tebo la hesabu. Jina la mpenzi aliondoka nalo mshairi. Maneno ametuachia sisi, nayo yatosha.