Plagi Ikichoka, Lawama Hubeba Gesi

Malalamiko ya madereva wa Dar es Salaam waliofunga mfumo wa gesi asilia yanafanana mno. Gari likiwa kwenye petroli limetulia. Likihamia gesi linaanza kumisi, tena linasubiri kilima au mzigo ndipo lionyeshe ukaidi wake. Hapo gesi hupewa jina la muuaji wa injini. Mimi naona mtuhumiwa wa kwanza awe plagi, na kwenye plagi yenyewe, ule mwanya mdogo kati ya ncha ya kati na chuma kilichopinda juu yake. Cheche lazima iuruke mwanya huo, na mchanganyiko wa hewa na gesi haupitishi umeme kwa urahisi kama ule wa petroli, kwa hiyo koili hudaiwa volti nyingi zaidi. Dereva anapokanyaga mafuta kupanda mlima (tuseme hivyo hivyo, japo anayokanyaga ni gesi), hewa nyingi huingia kwenye silinda na kushindiliwa, na deni la volti hupanda tena. Ndiyo maana injini inayonguruma vizuri gari likiwa limesimama hukohoa barabarani.

Watu huuliza: kama plagi hizo hizo zinafanya kazi kwenye petroli, ubovu wake uko wapi? Uko kwenye uchakavu ambao petroli iliuvumilia. Kila cheche hula chuma kidogo, mwanya unapanuka, na siku ya kuhamia gesi ndipo siri inatoka. Ni kweli kwamba kidhibiti cha mgandamizo wa gesi au utegeshaji mbaya wa mfumo huleta dalili zizo hizo, lakini kukagua plagi ni kazi ya dakika chache, nako kuacha mwanya mpana kuna gharama yake: umeme usiopata njia kwenye ncha hutafuta njia kwenye kauri na mpira wa koili, na koili nzima huungua.

Hata plagi mpya inaweza kuwa na mwanya usiofaa. NGK BKR5EYA-11 na Denso K16R-U11 ni plagi za Toyota ndogo nyingi. Hiyo 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1, uliopangwa kwa ajili ya petroli. Kwa gesi, mafundi wengi huupunguza hadi milimita 0.7 au 0.8. Plagi ya kawaida ya nikeli hurekebishwa kwa kugongagonga taratibu kile chuma kilichopinda, huku ukipima kwa geji. Ya iridiamu usiichokonoe, kwa sababu ncha yake nyembamba huvunjika. Nunua iliyotoka kiwandani na mwanya mdogo. Wala usibane kupita kiasi, maana cheche fupi mno huwasha moto dhaifu, na injini hutetemeka gari likiwa limesimama.

Lipo pia wazo kwamba gesi ina joto, basi lazima plagi iwe ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka. Lina ukweli kwa gari linalobeba mizigo mizito au kwenda kasi safari ndefu, na hapo plagi iliyo baridi zaidi kwa hatua moja inatosha. Angalia namba tu: kwa NGK na Denso, namba kubwa ni baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume. Ila gari la mjini huwashwa kwa petroli kila asubuhi, na plagi isiyofikia nyuzi 450 hivi haiwezi kuunguza masizi yake. Kwa gari la namna hiyo, bora kubaki na kiwango cha joto cha kiwandani na kushughulikia mwanya.

Je, iridiamu inastahili bei yake? Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2446, nikeli 1455, na umeme huruka kwa wepesi kutoka ncha nyembamba. Kwa dereva wa teksi anayezunguka kutwa, ndiyo, ilimradi iwe halisi, kwani bandia zimejaa. Mwenye kipato kidogo achukue nikeli na kupima mwanya mara kwa mara. Rangi isimdanganye: plagi ya gesi hutoka nyeupe kuliko ile ya kahawia ya petroli, na fundi aliyezoea petroli anaweza kuiona imeungua wakati ni safi tu.