Pambo la Maji Uani: Wazee Walilijua Siku Nyingi

Siku hizi mtu akimaliza kujenga nyumba Malindi, Watamu au Kilifi, haridhiki mpaka apate maji ya kutazama. Akisha kupanda yasmini na mikadi na kutandaza nyasi, huanza kuuliza: niweke nini hapa katikati? Fundi mmoja humwambia achimbe dimbwi lenye umbo la korosho. Wa pili humwonyesha picha ya simba wa saruji atoaye maji kinywani. Wa tatu humshauri anunue mashine ya kurusha maji juu, kama yale ya mlangoni mwa hoteli.

Kutaka maji uani ni jambo jema. Maji hupoza nyumba na kutuliza moyo, na sisi watu wa pwani hatukujifunza hayo jana. Lakini pambo lisilooana na ua wake ni kama kanzu ya kuazima: kila mtu huona kuwa si ya aliyeivaa. Ndiyo maana nasema kwamba kabla ya kumwita fundi, mtu na aende kwanza akatazame waliyoyafanya wazee wake.

MAFUNZO YA GEDE

Mahali pa kuanzia ni Gede, mwendo mfupi kusini ya Malindi. Mji ule wa mawe ulikuwa umekwisha kuhamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wakazi wake waliishi kwa maji ya visima, na visima hivyo vingali vinaonekana mpaka leo. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, aliyatambua majumba kwa vitu alivyovikuta ndani yake, na moja likaitwa Nyumba ya Birika.

Tazama upande wa mashariki wa Msikiti wa Ijumaa wa Gede. Kuna kisima, kuna mfereji wa mawe, na kuna birika la kutawadhia. Mvutaji aliyamimina maji mferejini, nayo yakajiendea yenyewe hadi birikani. Ukifika Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, utakuta msikiti unaoelekea bahari ukiwa na birika lake na mawe ya kusugulia miguu. Ukivuka hori la Kilifi mpaka Mnarani, utakiona kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba.

Hayo yote yalikuwa mazuri, na bado ni mazuri, ingawa yamebaki magofu. Lakini hakuna hata moja lililojengwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Kazi ilikuja kwanza, na uzuri ukafuata nyuma yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kanuni ya pwani hii, na mwenye kuishika hakosei sana.

KILA UA NA MAJI YAKE

Tuchukue ua wa nyumba ya mawe, ule mdogo uliozungukwa na kuta. Hapo halifai dimbwi la katikati, kwani litawazuia watu kupita na kuanika. Kinachofaa ni birika la mraba lililoegemezwa ukutani upande wa kivuli, kimo chake kiunoni, likapakwa chokaa safi. Juu yake toa mlizamu kutoka darini, ili mvua inaponyesha maji yaanguke birikani. Sauti ya mlizamu wakati wa masika haishindwi na mashine yoyote ya dukani. Weka kata pembeni, na mtungi wa mrehani juu ya ukingo, na ua wako umekamilika.

Mwenye kiwanja kipana chenye minazi na miembe, na banda la makuti, mambo yake ni mengine. Birika jeupe la mraba litaonekana geni hapo. Balasi kubwa la udongo chini ya mwembe linatosha, pamoja na sinia pana la mawe la kunyweshea ndege. Akiwa na nafasi na kivuli cha kutosha, anaweza kuchimba kidimbwi cha mayungiyungi. Hilo nalo si la kigeni: Unguja, katika jumba la Maruhubi alilolijenga Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, mabwawa ya mayungiyungi yalikuwa sehemu ya bustani.

Wako pia wenye nyua za kisasa, zilizonyooka kwa kamba na kutiwa nyasi. Hao wengi hutamani mfereji mwembamba ulionyooka, kama wa bustani za Waajemi au za Alhambra kule Granada, Hispania. Ni pambo la Kiislamu lenye heshima kubwa, nami sina ugomvi nalo. Lakini tukumbuke maji ya bustani zile yalitoka wapi. Granada iko chini ya milima yenye theluji, na maji huteremka yenyewe. Oman wana aflaji, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya milima, na wenyeji hugawana zamu kwa saa. Malindi haina mlima. Atakaye mfereji wa namna hiyo na aufanye mfupi, wa kina cha kiganja, maji yaleyale yakizungushwa na mashine ndogo, na ya kumwagwa yaishie kwenye shina la mkomamanga au mdimu.

Ama ile mashine ya kurusha maji juu, naiona haitufai. Kusi ikianza kuvuma, maji hayarudi hodhini. Huchukuliwa na upepo yakalowesha ukuta wa jirani.

HESABU YA MAJI

Na tupige hesabu. Hodhi la wazi lenye mita nne kwa tatu, likipungukiwa milimita tano tu kwa siku kwa sababu ya jua na upepo, limepoteza lita 60. Hayo ni madumu matatu ya lita ishirini, kila siku, bila mtu kunywa hata tone.

Na maji hayo yanatoka wapi? Ya mferejini hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na maji hayohayo hugawanywa mpaka Mombasa. Ya kisimani nayo yana mpaka wake. Karibu na bahari, maji matamu huelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mtu akiyavuta kwa mashine usiku na mchana ili hodhi lake lijae, chumvi hupanda, na haichagui ukuta: hupanda kwake na kwa jirani. Nimeingia majumba ambamo wazee wamenieleza kuwa kisima chao kilikuwa cha kunywa, na leo ni cha kuoshea sakafu tu.

Birika la mlizamu halina lawama hiyo. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya kama lita 1,000, yaani madumu 50, na ni maji matamu.

MBU NA WATOTO

Maji yaliyosimama ni kitanda cha mbu. Katika joto letu, yai huwa mbu arukaye kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Wazee wa Lamu walilijua hilo: birikani walitia samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini kabisa walijengea bakuli la Kichina, ili maji yakipungua samaki wabakie na pa kukaa. Hivyo bakuli likapamba, na likafanya kazi. Basi kwenye dimbwi tia samaki, sinia na mtungi vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, balasi lifunikwe.

Na watoto je? Mtoto mdogo huzama hata katika maji yasiyofika gotini. Nyumba yenye watoto haifai kuwa na dimbwi lisilo na ukingo. Kisima kiwe na kifuniko cha kufungwa.

Tumefundishwa kuwa israfu ya maji ni makosa hata kwa mwenye kutawadha kando ya mto upitao, sembuse sisi tunaosubiri mfereji utoe. Tumefundishwa pia habari ya Sayyidna Uthman, aliyekinunua kisima cha Ruma kule Madina akawaachia Waislamu wanywe. Kwa hiyo mwenye uwezo, akisha kujenga birika lake, na atoboe ukuta aweke bomba dogo upande wa njiani, mpita njia apate kunywa na mwanafunzi anawe uso. Hilo ni pambo la nje ya nyumba, na thawabu yake humfuata mwenyewe hata akiwa kaburini.