Jina la Kikoa na Tahajia Sanifu

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi "jina la kikoa", na kuonyesha jinsi tahajia sanifu inavyomfaa mtu binafsi anayetaka kuipa tovuti yake jina.

Neno kikoa si geni. Katika matumizi ya zamani ni chakula kinacholiwa kwa shirika, kila mshiriki akikiandaa kwa zamu. Wafasiri wa programu za kompyuta wamelipa maana ya pili, yaani eneo la majina ya intaneti lililo chini ya usimamizi mmoja. Kikoa cha Tanzania ni .tz, nacho husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ndani yake mna vikoa vidogo: co.tz kwa biashara, go.tz kwa serikali, na me.tz kwa watu binafsi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, anayetafuta wateja wa Kariakoo. Jina la tovuti yake atalitaja kwa mdomo, na mteja ataliandika kama alivyolisikia. Hapo yazuka mambo manne.

(i) Herufi mbili zinazofuatana. Mnazi ni nomino ya ngeli ya M-MI, hivyo husemwa mnazi mmoja. Hata hivyo, wengi huandika "Mnazi Moja". Fundi akisajili mnazimmoja, mteja aliyeacha m moja hatafika kwake. Huenda akafika kwa mwingine. Kadhalika Kariakoo, neno lililotoholewa kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lina o mbili. Majina ya watu nayo hutofautiana: Khamis na Hamisi.

(ii) Kuunganisha maneno. Jina la kikoa halina nafasi kati ya maneno. Dukalanguo laweza kusomwa "duka la nguo", au "duka langu" lenye o isiyo na kazi. Kistari chaweza kutenganisha maneno, ila hakikubaliwi mwanzoni wala mwishoni mwa jina, na mtajaji hana budi kukitaja.

(iii) Ritifaa. Katika majina ya .tz hutumika herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu. Kwa hiyo ng'oa hugeuka ngoa, neno lenye maana ya wivu. Heri kuchagua neno lisilohitaji ritifaa.

(iv) Matamshi ya kikoa chenyewe. Herufi me zatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "mimi". Anayezitamka Kiingereza husikika akisema "mi". Yafaa zitajwe herufi kwa herufi.

Zaidi ya hayo, jina moja halisajiliwi mara mbili katika kikoa kimoja. Mnazi Mmoja ipo Dar es Salaam na ipo Unguja pia. Basi jina la mahali pekee halimtambulishi mtu. Tena usajili ni wa muda. Usipolipiwa upya, jina huachwa wazi, na mwingine aweza kulichukua hata kama limekwisha kuandikwa kwenye kibao cha duka.

Twapendekeza basi kwamba mwenye kuchagua jina amtajie mtu asiyepata kuliona, naye aliandike. Akiliandika sawasawa pasipo kuuliza, jina hilo lafaa. Akikosea, na litafutwe jingine. Au zisajiliwe tahajia zote mbili, zielekee kwenye tovuti moja, na iliyo sanifu ndiyo itangazwe.