Stima za Tungue: Sanaa ya Mvuke na Pwani Yetu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza maana ya stimpanki: sanaa inayojiuliza dunia ingekuwaje lau mvuke, shaba na magurudumu yenye meno vingeendelea kutawala, na injini ya petroli isingezaliwa. Jina hilo lilitungwa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter. Kijana wa Palma au Mtwara akiisaka sanaa hii kwenye simu yake, kwanza atakutana na London: ukungu, kofia ndefu nyeusi, saa za mfukoni, ndege za puto juu ya mabomba ya moshi. Picha ni nzuri, nami sizikatai. Ninachokataa ni ile dhana inayojipenyeza nyuma yake, kwamba enzi ya mvuke ilikuwa ya watu wengine na sisi tuliitazama kwa mbali tu.

Miaka mia kamili kabla ya Jeter kulitunga jina hilo, Februari 1887, enzi hiyo ilikuwa imetia nanga katika Ghuba ya Tungue, penye Palma ya leo. Wareno waliipiga Tungue kwa mizinga, wakaipiga na Minengani, wakaiteka stima iitwayo Kilwa. Stima hiyo ilikuwa mali ya Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash bin Said.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana Barghash ndiye mhusika ambaye waandishi wa stimpanki wangemtunga kama hangekuwapo. Kimbunga cha mwaka 1872 kilivunjavunja vyombo vyake bandarini. Mwaka huohuo meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja kila mwezi, nazo zilikwenda kwa mvuke. Barghash alielewa upesi. Alinunua stima zake mwenyewe zibebe bidhaa na abiria. Alijengewa Uingereza manowari ya Glasgow, iliyomfikia mwaka 1878. Mwaka 1879 waya wa simu uliotandazwa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden kwa upande wa kaskazini, na kwa kusini ukashuka hadi Msumbiji na Durban, kwa hiyo habari za bei ya karafuu zilipita chini ya maji ambayo wavuvi wa Tungue walikuwa wakitupa nyavu juu yake. Alivuta maji ya chemchemi kwa mfereji hadi mjini. Mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, jumba lenye nguzo za chuma. Mtu huyu hakukaa akizishangaa mashine za wageni. Alizilipia, akazipa kazi.

Zilizomshinda ni karatasi. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba pwani ya Sultani ianzie mdomo wa mto Minengani, ndani ya Ghuba ya Tungue, hadi Kipini. Mwezi Desemba Ujerumani ikakubaliana na Ureno kwamba mpaka wao uwe mto Ruvuma. Tungue iko kusini ya Ruvuma. Mji mmoja ukaahidiwa pande mbili na watu wasiowahi kunywa maji ya visima vyake, kisha mizinga ikaamua. Barghash alifariki Machi 1888. Glasgow nayo ilizamishwa na Waingereza mbele ya Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia.

Sasa tazama hadithi zinazosomwa. Jules Verne, ambaye wapenzi wa stimpanki humhesabu kuwa babu yao, alichapisha mwaka 1863 riwaya ya puto linaloruka kutoka Zanzibar na kuvuka bara hadi Senegal. Lina chombo cha kuipasha joto gesi yake ili lipande na kushuka, nacho kimeelezwa kwa ufundi wa kupendeza. Lakini watu wa Kazeh, yaani Tabora, wanaliona puto wakalidhania mwezi. Mji wa misafara, uliojaa wafanyabiashara waliojua bei ya bunduki na ya pembe za ndovu! Verne alijua hesabu za hewa, hakuwajua Wanyamwezi.

Nisi Shawl, Mmarekani mweusi, alimjibu vizuri katika Everfair ya mwaka 2016. Humo wakimbizi wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji wanapata nchi huru Kongo, wana vyombo vya kuruka, na waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira wanatengenezewa mikono ya chuma. Huo ndio uzito wa sanaa hii inapofanywa kwa moyo: chuma kinarudisha kile ambacho chuma kilikata. Katika michezo ya kompyuta, 80 Days ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Meg Jayanth, inawapa watu wa nchi zilizotawaliwa mafundi na mitambo yao wenyewe. Muziki haunishiki sana. Bendi ya Abney Park ya Seattle inatosha kukuonjesha.

Wako pia wanaofanya kazi ya jamaa na hii bila kulitumia jina lake. Cyrus Kabiru wa Nairobi hutengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma na taka za mjini. Nchini Msumbiji, Baraza la Makanisa lilianzisha mwaka 1995 mradi wa kukusanya silaha za vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuzibadilisha kwa vifaa kama majembe na cherehani. Wasanii wa Maputo wakazikata silaha hizo. Kiti cha enzi alichokiunda mmoja wao, Kester, mwaka 2001 kwa bunduki zilizokatwa kimo leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na Gonçalo Mabunda anaunda vinyago na viti kwa malighafi hiyohiyo.

Rasi ya Afungi, kwenye ghuba ileile, sasa ina mitambo ya gesi ya mabilioni ya dola. Wanakijiji walihamishiwa Quitunda kuipisha, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa, maelfu wakakimbia kwa miguu na kwa majahazi. Mashine bado zinaamua maisha ya ghuba hii; kwa hiyo anayetaka kuandika stimpanki ya Tungue asianzie kwenye kofia ndefu. Aanze na nahodha wa Kilwa usiku ule wa Februari, makaa yamejaa, boila ina moto, na waya chini ya bahari umeleta habari mapema kidogo. Anakata shauri gani? Abiria wake ni nani, na wanasema Kimwani, Kimakwe au Kiswahili?

Wiki ijayo tutaingia ndani ya stima yenyewe: boila, pistoni, na kazi ya wachochea makaa.