Spika za Mbele katika Gari la Zamani: Kuzichagua, Kuzifunga, na Kulinda Masikio



Ukurasa huu umezoea kueleza mambo ya mshahara, ya likizo na ya usalama kazini. Safari hii tunaeleza habari ya spika za mbele katika gari la zamani. Huenda wengine wakasema hilo ni jambo la starehe. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, maana linagusa mfuko wa mfanyakazi, linagusa usalama wa gari, na tena linagusa masikio yetu ambayo mashine huyachosha kila siku.

Hapa Kakiika, upande wa kaskazini wa Jiji la Mbarara, gari la zamani bado ni chombo cha kazi. Wako wenzetu wanaochanga fedha na kununua moja kwa pamoja. Yako magari ya kukodi yanayochukua abiria na mizigo kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Ziko Peugeot, ziko Land Rover zilizotoka mashambani, ziko Toyota za miaka ya 1980 na 1990. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo gari la zamani lililomo nchini likiharibika, si rahisi kupata jingine kama hilo. Linafaa kutunzwa, si kukatwakatwa.

Redio ndani ya gari hilo ina kazi yake. Dereva husikiliza habari za mvua na za barabara. Abiria wa Nakivale, ambao wengi wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, husikiliza habari za kwao. Lakini mara nyingi tunaona mwenzetu anapokea mshahara, ananunua spika kubwa kupita zote dukani, anatoboa mlango, na baada ya miezi michache spika imepasuka, kioo hakishuki na betri imekufa. Neno letu ni moja: spika ndogo iliyochaguliwa kwa akili na kufungwa vizuri hushinda spika kubwa iliyofungwa ovyo.

KWA NINI GARI LA ZAMANI LINA SPIKA MOJA

Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yenye redio yaliwekewa spika moja tu, nyuma ya wavu wa dashibodi. Ilitosha, kwa sababu Radio Uganda ya siku zile ilisikika kwa mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, na sauti ilikuwa ya mkondo mmoja. Vituo vya FM vya watu binafsi vilianza Kampala mwaka 1993. FM huleta sauti safi zaidi, tena ya mikondo miwili, kushoto na kulia. Ndiyo maana mwenye gari hubadili redio, kisha akataka spika mbili za mbele.

KWANZA, LIJUE GARI NA REDIO YAKE

Kabla ya kwenda dukani, chunguza mambo manne.

1. Volti. Magari mengi ni ya volti 12, lakini Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa za volti 6. Redio ya volti 12 haitafanya kazi humo.

2. Waya wa betri unaofungwa kwenye bodi. Katika magari ya leo ni ule wa hasi. Katika magari mengi ya Kiingereza ya hadi miaka ya 1960, pamoja na Land Rover za wakati huo, ulikuwa wa chanya. Ukifunga redio ya kisasa katika gari la namna hiyo bila kugeuza mfumo, itaungua mara moja. Mwite fundi wa umeme aliye na ujuzi.

3. Mtambo wa kuzalisha umeme. Gari lenye dainamo ya zamani hutoa umeme kidogo sana injini ikizunguka polepole. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja peke yake hula ampea 9 hivi. Ukiongeza redio yenye amplifaya kubwa, betri ndiyo inayolipa.

4. Ukinzani wa spika, unaopimwa kwa omu. Redio nyingi za kisasa za gari zimetengenezwa kwa spika za omu 4. Ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba kwenye mkondo mmoja, redio huona omu 2 tu, nayo hupata moto mpaka ikaharibika. Kama unabakiza redio ya asili, angalia nambari iliyoandikwa kwenye spika yake. Spika mpya isiwe na omu pungufu ya hiyo.

KUCHAGUA SPIKA

Wauzaji hutaja wati kwanza. Ndugu, usinunue wati. Wati zilizoandikwa juu ya spika ni kiasi inachoweza kuvumilia, si kiasi itakachotoa. Gunia la kilo 100 halikuletei kilo 100 za mahindi. Ni la kubebea tu. Na redio nayo, hata kama sanduku lake limeandikwa wati 50 mara 4, kwa umeme wa volti 12 na bila amplifaya ya pembeni hutoa wati kama 15 hadi 20 za kudumu kwa kila spika. Sasa spika ya wati 400 itafaa nini hapo?

Nambari ya kutafuta ni ile ya desibeli, inayoonyesha spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja tu. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili. Maana yake, spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 husikika sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 60. Hiyo ndiyo faida ya mnyonge: sauti ya kutosha bila kununua amplifaya na bila kuua betri. Kwa redio peke yake, tafuta spika ya desibeli 90 au zaidi.

Kuhusu ukubwa, spika ya sentimita 10 hufaa kwenye dashibodi, ya sentimita 13 hufaa milango mingi, na ya sentimita 16 hutoa besi nzuri zaidi mahali inapoenea. Usiende dukani na kumbukumbu ya kichwani. Nenda na vipimo vya upana na vya kina.

WAPI ZIFUNGWE

Kwenye dashibodi. Sauti hugonga kioo cha mbele na kumrudia msikilizaji. Maneno ya mtangazaji husikika vizuri, lakini besi ni kidogo. Faida yake ni kwamba hukati kitu, maana wavu wa asili upo.

Ubavuni, karibu na miguu, chini ya dashibodi. Hapa ni pazuri kuliko watu wanavyodhani. Katika magari yetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo spika ya mlango wa kulia humpigia kelele huku ya kushoto ikiwa mbali. Zikiwa miguuni, umbali wa spika hizo mbili kutoka kichwani mwake hukaribiana zaidi. Angalia tu zisizuie mguu wala kanyagio, na uchungulie nyuma ya bati kabla ya kutoboa, kwani nyaya nyingi hupita hapo.

Mlangoni. Mlango una nafasi, lakini una hatari zake. Teremsha kioo mpaka chini kabisa, kisha pima kutoka kwenye ubao wa mlango hadi kwenye kioo na hadi kwenye mkono unaokipandisha. Kina cha spika kiwe pungufu ya kipimo hicho walau kwa sentimita moja. Wasiopima hugundua kosa siku kioo kinapogonga sumaku.

KUFUNGA

Kata kwanza karatasi ngumu yenye umbo la spika, uijaribu mahali pake. Usikate bati la asili kama kuna njia nyingine. Vua ubao wa asili wa mlango, uufunge kwa nailoni na kuuhifadhi, kisha chonga mwingine wa plaiwudi kwa kuufuata. Huo mpya ndio utoboe. Siku ukiuza gari, mnunuzi atalikuta kama lilivyotoka kiwandani.

Ikilazimu kutoboa bati, weka spika mbali unapotumia drili, kwa sababu sumaku hunasa vumbi la chuma na koni huanza kukwaruza. Kingo zilizokatwa zipake rangi dhidi ya kutu.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Sauti ya nyuma ikipata upenyo wa kuja mbele, hukutana na ile ya mbele na kuiua, na ya kwanza kufa ni besi. Ndiyo maana spika inayoning'inia kwa waya hulia kama kopo tupu. Kwa hiyo ziba nafasi zote kuizunguka kwa ukanda wa mpira au sponji, kaza skrubu zote, na ziba matundu makubwa ya bati la ndani la mlango. Kazi hiyo ya gharama ndogo huleta besi kuliko kubadili spika.

Lakini usizibe matundu madogo ya chini ya mlango. Maji ya mvua hupita kando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea hapo. Katika sehemu zetu mvua huja kwa misimu miwili kwa mwaka. Weka kipande cha nailoni juu ya spika, upande wa ndani, kama paa la nyumba, ili maji yasiiguse. Na kwa sababu ya vumbi la barabara ya Nakivale, tandaza kitambaa chepesi nyuma ya wavu.

NYAYA NA FYUZI

Kabla ya kugusa chochote, fungua waya wa betri unaoshika bodi. Waya wa umeme wa redio uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo iwe karibu na mahali waya unapotoka kwenye betri. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiifunge kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara wala kwa kipande cha waya. Kufanya hivyo ni kuandaa moto ndani ya gari lililobeba watu.

Redio nyingi za zamani zilirudisha umeme wa spika kupitia bodi ya gari. Za kisasa haziruhusu hivyo. Kila spika inataka nyaya zake mbili kutoka kwenye redio, na hata moja isiguse bati.

Waya unaoingia mlangoni upite ndani ya mpira ili ukingo wa bati usiuchubue, nao uachwe umelegea kidogo. Fungua na funga mlango mara kadhaa ukiutazama.

Mwisho, hakikisha spika zote mbili zinasukuma pamoja. Kabla ya kuziunganisha na redio, chukua betri moja ya tochi, gusisha chanya yake kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, kwa nukta moja tu. Koni itoke nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, alama zimegeuzwa. Ukiziacha hivyo, zitapingana na besi itapotea.

Dereva wa gari la kampuni au la shamba asitoboe kitu bila ruhusa ya maandishi. Tusimpe mwajiri sababu ya bure ya kumwadhibu mwenzetu.

REDIO YA GARI NA MASIKIO YA MFANYAKAZI

Wataalamu wengi wa usalama kazini hukubaliana kuwa kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku ndiyo kikomo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2. Aliyemaliza zamu kando ya mashine za kiwanda cha chai, au za kujaza chupa, ameshatumia fungu lake la siku. Akifungulia spika kwa nguvu zote, anaongeza juu ya kilichojaa. Na sikio lililoharibiwa na kelele halirudi.

Hapo ndipo redio ya gari hutufaa kuliko starehe. Asubuhi kabla ya zamu, gari likiwa limesimama na injini imezimwa, weka redio kwenye kituo cha maneno, uipunguze mpaka usikie maneno kwa shida kidogo. Weka alama mahali kitufe cha sauti kilipo, kisha zima. Jioni baada ya zamu, iwashe mahali pale pale palipo kimya, kwenye kituo kile kile, bila kugusa kitufe. Kama sasa maneno hayasikiki, redio haikubadilika. Ni masikio yako yaliyochoshwa. Mkijaribu watu kadhaa wa sehemu moja ya kazi, kwa siku kadhaa, na wote mkapata jibu hilo, basi kelele ya mahali hapo imezidi.

Jaribio hili si kipimo cha daktari, lakini ni sababu tosha ya kudai kipimo. Andikeni siku, saa na sehemu ya kazi, mumpelekee mwakilishi wenu wa chama na wa usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake na kutoa vifaa vya kujikinga. Kelele imo.

Basi ndugu, chagueni spika kwa vipimo wala si kwa ukubwa wa sanduku. Zifungeni zikae imara, zisivuje sauti wala zisinyeshewe. Fyuzi iwe fyuzi. Na mkiona mnalazimika kuongeza sauti kila jioni, msikimbilie kununua spika nyingine. Pelekeni habari hiyo chamani.